Umbali wa Njia na Saa za Safari

Mara nyingi tumesikia watu wakibishana juu ya umbali wa toka Morogoro hata Dar es Salaam. Mmoja asema ni kilomita 190 na kidogo, wa pili asema 205, na mwanafunzi aliyepima ramani kwa rula asema hazitimii 180. Wote watatu wasema kweli, maana wa kwanza amehesabu barabara, wa pili reli, na wa tatu njia ya ndege arukaye moja kwa moja.

Njia hiyo ya tatu yaweza kuhesabiwa hata bila rula, kwa kuwa miji hii miwili iko karibu sawa katika mstari mmoja wa latitudo. Morogoro iko katika digrii 37 na dakika 40 za mashariki, na Dar es Salaam digrii 39 na dakika 17. Tofauti yake ni dakika 97, nazo ni dakika za ramani, si za saa. Huku kwetu, karibu na Ikweta, dakika moja ni kilomita 1.84. Zidisha, utapata kilomita 178 na kitu.

Eropleni iendayo kilomita 450 kwa saa ingeuvuka umbali huo kwa dakika 24. Lakini hesabu hiyo yadanganya, kwani haikutia kungoja kiwanjani, wala mwendo wa kutoka kiwanjani hata mjini. Huko Ulaya, toka London hata Paris ni kilomita 340 hivi, na eropleni huchukua kama saa moja na robo. Walakini tangu 1994, ilipofunguliwa reli ipitayo chini ya bahari, abiria wengi hupenda gari la moshi la saa mbili na robo, kwa sababu huwashusha katikati ya mji. Kwetu reli ya Wadachi, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro 1907. Na tangu Juni 2024 gari la umeme, ambalo wengi waliita bado gari la moshi ingawa moshi halina, laenda safari hiyo kwa muda usiotimia saa mbili.

Mlimani mambo ni mengine. Kilele cha Lupanga, kipitacho mita 2,100, chaonekana toka mjini kana kwamba kiko karibu, lakini apandaye hana budi kuondoka alfajiri. Mgeta iko magharibi ya Uluguru na Matombo mashariki. Kwa rula ni jirani, ila safu ya milima na msitu vimekaa katikati, na gari sharti lizunguke kwa Morogoro mjini. Kwa hiyo twaona si vema kijiji cha mlimani kuandikiwa kilomita peke yake. Mganga aitwaye kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa ataka kujua saa: saa za kiangazi na saa za masika, za mtu aendaye mikono mitupu, na za watu wanne waliochukua machela.

Walimu wawape wanafunzi kazi hii. Kila mmoja aandike kwa siku 5 saa aliyotoka nyumbani na saa aliyofika shuleni, kisha aipime njia yake katika ramani. Majibu ya wale wa bondeni na ya wale wa mlimani yaandikwe katika ubao mmoja.