Vijiumbe vya Udongo wa Loitokitok na Tatizo la Istilahi
Katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, maharagwe hustawi katika udongo wa asili ya volkano. Ndani ya vinundu vya mizizi yake huishi bakteria waitwao raizobia, ambao huigeuza nitrojeni ya hewani kuwa lishe ya mmea. Nao mmea huwalipa sukari. Ushirika huo hutegemea hali ya udongo. Udongo ukikauka, bakteria hupungua. Maji yakituama, hewa hukosekana na kazi ya vinundu hudorora. Kuelekea Kimana, kwenye kilimo cha umwagiliaji, hatari kubwa ni chumvi: maji huvukizwa na jua, chumvi ikabaki na kuzuia vinundu kuumbika. Mbele zaidi, Amboseli, udongo wa ziwa la kale una magadi, na wastahimilivu tu ndio huishi humo.

Je, viumbe hawa waitweje? ‘Vijidudu’ ni neno lililokwisha kuzoeleka katika habari za maradhi. ‘Vimelea’ ni kosa kubwa zaidi, kwani kimelea humnyonya mwenyeji wake bila malipo. ‘Vijiumbe’ lafaa, hata kama wapo watakaodai kuwa kiambishi chake kinadunisha (hoja dhaifu, viumbe hawa ni wadogo kweli). Mkulima anayeshauriwa ‘kuua vijidudu’ shambani hana namna ya kujua kwamba raizobia wamo.