Tuzo ya Hugo: namna msomaji anavyopiga kura

Tuzo nyingi za fasihi huamuliwa na jopo la majaji wachache. Tuzo ya Hugo, yenye jina kubwa kuliko zote katika hadithi za kisayansi na fantasia, haina jopo. Washindi wake huchaguliwa na wasomaji waliojiandikisha uanachama wa Worldcon, mkutano wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizo. Msomaji wa Tabora aliyelipia uanachama ana kura moja, sawasawa na profesa wa New York, na si lazima asafiri kuipiga.

Mkutano na tuzo yake

Worldcon ya kwanza ilifanyika New York mwaka 1939 na kuhudhuriwa na watu wapatao 200. Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliusimamisha mkutano kati ya 1942 na 1945. Hauna mmiliki wala makao ya kudumu. Kila mwaka huandaliwa na kamati mpya ya watu wa kujitolea, katika mji uliochaguliwa na wanachama. Umewahi kufika Heidelberg, Melbourne, Yokohama, Helsinki na Chengdu. Wa 2026 umepangiwa Anaheim, California, na wa 2027 Montréal. Bado haujafanyika Afrika, ingawa Kigali ni mmoja wa miji iliyojitokeza kuuomba wa 2028.

Tuzo ilianza mwaka 1953 huko Philadelphia. Inabeba jina la Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926. Mshindi hapati fedha. Anapewa sanamu ya roketi na sifa inayouza vitabu.

Kujiandikisha

Uanachama wa msingi, ambao kwa kawaida hugharimu karibu dola 50 za Marekani, hununuliwa kwenye tovuti ya mkutano wa mwaka husika. Huo ndio unaokupa haki ya kupendekeza na kupiga kura. Anayetaka kuhudhuria huongeza malipo mengine juu yake. Tiketi ya siku moja tu haikupi kura, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa.

Kazi zilizoingia fainali mara nyingi hukusanywa na kutumwa kwa wanachama kwa njia ya kielektroniki, wachapishaji wakiridhia. Vitabu hivyo peke yake vinaweza kurudisha gharama ya ada.

Hatua ya kwanza: kupendekeza

Mapendekezo hupokelewa miezi ya mwanzo ya mwaka, na huhusu kazi zilizotoka mwaka uliotangulia. Wanaopendekeza ni wanachama wa mkutano wa mwaka huo na wa mwaka uliopita, waliojiandikisha kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi ni mwishoni mwa Januari. Katika kila kundi la tuzo unaruhusiwa kutaja kazi zisizozidi tano. Sita zinazoongoza huingia fainali.

Hadithi hupangwa kwa idadi ya maneno. Hadithi fupi ni ile isiyofika maneno 7,500. Inafuata ya 7,500 hadi 17,500. Kisha ya 17,500 hadi 40,000. Na kuanzia 40,000 ni riwaya. Yapo pia makundi ya filamu, katuni, wachoraji, wahariri na majarida ya mashabiki.

Hatua ya pili: kupiga kura

Hapa hupiga kura wanachama wa mwaka huo pekee. Huweki alama kwa mmoja tu. Unawapanga wote kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Hesabu hurudiwa hivyo hadi apatikane mshindi. Kwa hiyo kumpa namba mbili mwandishi mwingine hakumdhuru uliyempa namba moja.

Kwenye kila karatasi lipo pia chaguo la "Hakuna Mshindi". Ukiona kazi haistahili, iweke chini ya chaguo hilo. Silaha hii ilitumika mwaka 2015, baada ya makundi ya watu kukubaliana kupendekeza orodha za pamoja na kujaza nafasi za fainali. Wapiga kura waliamua makundi matano ya tuzo yasiwe na mshindi kabisa, na baadaye kanuni za kuhesabu mapendekezo zikabadilishwa. Pendekeza ulichokisoma mwenyewe. Usinakili orodha ya mtu.

Uaminifu wa hesabu

Kwa kuwa kila kamati husimamia tuzo ya mwaka wake, ubora wa usimamizi hutofautiana. Baada ya mkutano wa Chengdu wa 2023, takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kuwa baadhi ya kazi, ikiwemo riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, zilikuwa na kura za kutosha kuingia fainali lakini zikaondolewa bila maelezo. Kashfa ikawa kubwa. Mwaka huohuo wa 2024 wasimamizi wa Glasgow walifuta kura 377, nyingine zikiwa na majina ya bandia, na wakatangaza hadharani kabla ya washindi kujulikana. Takwimu kamili hutolewa baada ya tuzo, zisome.

Kwa waandishi wa Kiswahili

Kanuni zinakubali kazi ya lugha yoyote, iliyochapishwa nchi yoyote. Kazi isiyo ya Kiingereza hupata nafasi ya pili mwaka inapotoka kwa mara ya kwanza katika tafsiri ya Kiingereza. Kwa vile wapiga kura wengi husoma Kiingereza, nafasi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Waandishi wenye asili ya Afrika wameshawahi kushinda: Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitwaa Hugo mwaka 2016 kwa Binti.

Karibu zaidi kuna Tuzo za Nommo, zinazotolewa na chama cha waandishi wa Afrika wa hadithi hizi tangu 2017, na Tuzo ya Nyabola kwa vijana wanaoandika hadithi za aina hii kwa Kiswahili.

Anza kwa daftari. Kila usomapo hadithi mpya, andika jina lake, mwandishi, mahali ilipochapishwa na mwaka. Mapendekezo yakifunguliwa, utakuwa na cha kutaja.