Satelaiti za Ulaya, Mvua na Homa ya Bonde la Ufa: Tuchinje kwa Tahadhari

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu mambo mawili ambayo wengi hawayaunganishi: vyombo vinavyozunguka juu angani na kisu cha mchinjaji huku Kilosa na Mikumi.

Chombo cha angani kinaona nini?

Satelaiti za hali ya hewa za Ulaya ziitwazo Meteosat hukaa umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya mstari wa ikweta, zikilitazama bara zima la Afrika. Zile za kizazi cha pili, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2002, hupiga picha za mawingu kila baada ya dakika 15. Satelaiti ya SPOT 4 ya Ufaransa, iliyorushwa mwaka 1998, ilibeba kifaa cha kupima ukijani wa majani. Na tangu mwaka 2014 ipo Sentinel-1, ambayo hutumia rada. Hiyo huona maji yaliyotuama hata usiku, na hata mawingu yakitanda.

Utauliza, ukijani wa majani unamhusu nini mgonjwa?

Unamhusu sana. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa hujificha ndani ya mayai ya aina fulani ya mbu. Mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu wa mabondeni hata miaka kadhaa bila kufa. Mvua ikizidi, madimbwi yakajaa, mayai huanguliwa na mbu hutoka wakiwa tayari na virusi. Huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha ugonjwa huhamia kwa watu. Kwa hiyo anayeona kutoka juu kwamba nchi kavu imelowa na kuwa ya kijani kupita kawaida yake, ameona hatari kabla mgonjwa wa kwanza hajafika zahanati.

Yaliyotokea 2006 na 2007

Mwishoni mwa mwaka 2006, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto na mvua zikanyesha kupita kiasi Afrika Mashariki. Wataalamu waliokuwa wakifuatilia takwimu za satelaiti waliona dalili, na mwezi Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likatoa tahadhari. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, Kenya. Mapema mwaka 2007 ukaingia kwetu Tanzania, na mikoa ya Dodoma na Morogoro ikawa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Watu zaidi ya 100 walifariki nchini.

Zingatia kwamba Idi el-Hajj ilikuwa mwishoni mwa Desemba hiyo hiyo, wakati ambao kila mwenye uwezo hutafuta mnyama wa udhiya. Tahadhari ilikwisha kutolewa, lakini tahadhari isiyofika kwa mfugaji na mchinjaji haimkingi mtu.

Ugonjwa unavyoingia mwilini

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu, viungo au mimba iliyoharibika ya mnyama mgonjwa. Wengine huumwa na mbu. Maziwa mabichi nayo yana hatari. Dalili huanza baada ya siku 2 hadi 6: homa, kichwa, maumivu ya misuli na mgongo. Wengi hupona, lakini wachache hupoteza uwezo wa kuona, huchanganyikiwa au hutokwa damu, na hasa wanaotokwa damu ndio hufariki.

Mambo ya kufanya nyumbani na machinjioni

1. Wanyama wengi wakitupa mimba kwa pamoja, au ndama na wanakondoo wakifa ovyo, mwiteni bwana mifugo. Msiguse mimba hizo kwa mikono mitupu.

2. Msichinje mnyama mgonjwa kwa nia ya "kumuwahi" asife. Aliyekwisha kufa ni mzoga, na sote tunajua hukumu yake katika Suratul Maida. Hapa sheria ya dini na kinga ya afya zimekutana.

3. Mchinjaji na wachunaji wavae glavu na viatu vya mpira. Mwenye jeraha mkononi ampishe mwenzake. Damu ifukiwe, watoto wakae mbali.

4. Nyama ipikwe iive kabisa, maziwa yachemshwe mpaka yafure. Kina mama wanaoosha matumbo na maini nao wanahitaji glavu na sabuni.

5. Wanaoishi karibu na hifadhi ya Mikumi wasinunue nyamapori isiyokaguliwa.

6. Laleni ndani ya chandarua. Ila mbu hawa huuma mchana pia, hivyo mchungaji avae nguo ndefu.

7. Mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonesha kitu amwambie tabibu wazi kwamba alichinja au alizalisha mnyama. Asijinunulie aspirini wala diklofenaki, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini hutolewa kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaanza, sindano moja ikipita kwa ng'ombe wengi inaweza kuueneza.

Mwisho

Wana Kilosa hawahitaji kukumbushwa nguvu ya maji: mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi. Basi utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitaja mvua za juu ya wastani, tusiishie kuezeka paa tu. Maimamu wautangaze baada ya swala ya Ijumaa, wafugaji waulizie chanjo, na wachinjaji waandae glavu kabla ya Idi.

Wabillahi tawfiq.