Santuri ya Wanyika Ambayo Haikutolewa

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha msomaji namna ya kutunga, kwa akili na kalamu tu, santuri ya bendi iliyokwisha kugawanyika. Nimeona yafaa kuyaandika kwa sababu sisi tusomao Historia tumezoea kuulizwa sababu na matokeo ya jambo lililotokea, lakini ni nadra kuulizwa habari za jambo ambalo lingaliweza kutokea. Swali hili la pili lina kanuni zake, na asiyezifuata huishia kusimulia ndoto.

Huko Ulaya na Marekani mchezo huu wanaucheza sana kwa ajili ya Beatles, vijana wanne wa Liverpool waliotengana mwaka 1970. Wapenzi wao huchukua nyimbo ambazo John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr walizitoa kila mtu peke yake, wakazipanga ziwe santuri moja, kana kwamba ugomvi haukuwapo. Tena wana ushahidi. Wimbo "All Things Must Pass", ambao Harrison aliutoa kwa jina lake mwishoni mwa mwaka 1970, ulikuwa umekwisha kufanyiwa mazoezi na Beatles mwezi Januari 1969. Sauti ya wimbo wa Lennon uitwao "Jealous Guy", uliotoka mwaka 1971, alikuwa nayo tangu mwaka 1968, ila kwa maneno mengine. Basi mtu akisema kwamba nyimbo hizo zingaliingia katika santuri ya Beatles, habahatishi.

Nasi tunayo bendi yetu ya kufanyia zoezi hili, nayo ni Simba Wanyika. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walitoka Tanga, ambako walianza muziki mwaka 1966 katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaingia Kenya, na huko ndiko jina la Simba Wanyika, yaani simba wa nyika, lilikokua likapata sifa. Wilson alipiga gitaa la solo na kuimba. Gitaa la ridhimu, lile linaloshika mapigo bila kupumzika, lilikuwa mikononi mwa Omar Shabani, ambaye watu walimwita "Profesa".

Mwezi Novemba 1978 Profesa Omar aliondoka, na pamoja naye Tom Malanga mpiga besi, Rashid Juma mpiga dramu na wengine. Bendi yao mpya waliiita Les Wanyika. Simba walimwacha, nyika wakaondoka nayo! Mwaka 1979 walitoa "Sina Makosa", wimbo wa mtu anayejitetea mbele ya mwenziwe aliyemkasirikia, na hata leo hapa Singida si rahisi kupata harusi ambayo wazee hawataomba upigwe. Kisha Les Wanyika nao wakagawanyika. Mwaka 1981 mwimbaji wao Issa Juma alitoka akaanzisha Super Wanyika, naye akatoa "Sigalame", inayouliza habari za mtu aliyetoweka. Hivyo, katika muda wa miaka mitatu bendi moja ilizaa mbili zaidi, na zote tatu zilikuwa zikipiga huko huko Kenya.

Sasa tuje kwenye zoezi lenyewe. Wengi wakiambiwa waunganishe nyimbo za Wanyika hukimbilia kusema, "Tuseme mwaka 1978 hawakugombana." Fikra hii ni tamu, lakini ina hatari, na hatari yake ni mtu aitwaye John Ngereza. Sauti yake na gitaa lake la solo vimo katika nyimbo za Les Wanyika zilizowapatia sifa. Lakini Ngereza hakutoka Simba Wanyika. Yeye naye ni Mtanzania, na alikuwa akipiga na bendi nyingine huko Kenya kabla ya kujiunga na wale waliotoka. Kama wasingalitoka, wasingalimhitaji. Kiti cha mpiga solo katika Simba Wanyika kilikuwa na mwenyewe, naye ni Wilson, mkuu wa bendi. Kwa hiyo ukiufuta mgawanyiko wa mwaka 1978, unamfuta Ngereza, na pamoja naye unaifuta "Sina Makosa" kama tunavyoijua. Wala huo wa mwaka 1981 hauwezi kubaki, kwa kuwa Issa Juma hawezi kutoka katika bendi ambayo haikuzaliwa. Umekusudia kuokoa nyimbo, kumbe umezichoma!

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wa Beatles. Kule, kila mmoja aliondoka na nyimbo zake mfukoni, nyingine zikiwa zimekwisha tungwa kabla ya kutengana. Kwa Wanyika, kutengana ndiko kulikoleta watu wapya na nafasi mpya. Mpiga ridhimu ambaye kwa miaka alisimama nyuma ya ndugu wawili alipata bendi ambayo ridhimu yake ndiyo uti wa mgongo. Sikiliza "Sina Makosa" ukiacha maneno kwanza, ufuate gitaa hilo la pili tu, utaona nisemalo.

Mimi nashauri njia nyingine. Tusiseme hawakugombana. Tuseme waligombana, wakaenda zao, wakatunga walichotunga, kisha katikati ya miaka ya 1980 wakakubali kukutana kwa siku chache kurekodi santuri moja ya mapatano. Jambo hilo halikutokea, lakini halikuwa muhali. Akina Kinyonga, Profesa Omar, Ngereza na Issa Juma wote walikuwa hai, wote wakipiga Kenya, na huko Nairobi vilikuwapo viwanda vya kuchapa santuri. Upande wetu wa Tanzania kiwanda cha namna hiyo hakikuwapo, ndiyo maana bendi za Dar es Salaam zilirekodi nyimbo zao Redio Tanzania, na wazee wetu huku walizipata hewani zaidi kuliko katika sahani.

Baada ya kuchagua njia, yafaa tupime chombo. Santuri ndogo, izungukayo mara 45 kwa dakika, upande wake mmoja huchukua kiasi cha dakika 4 au 5. Kwa sababu hiyo nyimbo nyingi za Nairobi zilikatwa vipande viwili, upande wa kwanza maneno, na ukigeuza sahani unakutana na magitaa yaliyochangamka. Wimbo mzima ni dakika 8 au 9. Santuri kubwa, izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika, hubeba dakika 20 na kitu kila upande. Ukijaza nyimbo tatu za dakika 9 upande mmoja utapata 27, mifereji ya sahani itabanana na sauti itapungua. Basi ni nyimbo mbili kila upande, jumla nne. Hesabu hii ni ndogo, lakini ndiyo inayouma, kwa maana kila mtu niliyemshirikisha zoezi hili alikuja na nyimbo kumi.

Nne zangu ni hizi. Upande wa kwanza nauanza na "Shilingi" ya Simba Wanyika, kwa heshima ya wakubwa, na kwa kuwa habari za fedha zinamgusa kila mtu. Inafuata "Sina Makosa". Upande wa pili unaanza na "Haleluya", ya Simba Wanyika vile vile, na kumalizika na "Sigalame". Najua nitalaumiwa kwa kuiacha "Paulina" ya Les Wanyika. Nimeiacha kwa shida, kwani ningaliiingiza ingalinibidi kuwanyima akina Kinyonga wimbo mmoja, na santuri ya mapatano ambayo wenye nyumba wanapata nafasi moja tu ingalivunja mapatano kabla ya kufika dukani.

Limebaki swali la nani angepiga gitaa gani. Ridhimu haina ubishi, ni ya Profesa Omar katika nyimbo zote nne, hata zile za Simba Wanyika zilizotungwa baada ya yeye kuondoka, na hapo ndipo ningependa zaidi kusikiliza. Solo ni ya Wilson katika "Shilingi" na "Haleluya", na ya Ngereza katika "Sina Makosa". Katika "Sigalame" ningewaachia wote wawili. Issa Juma aimbe maneno yote upande wake, kisha sahani ifikapo kwenye magitaa, Wilson aulize na Ngereza ajibu, mpaka dakika zilizobaki ziishe.

Wilson na George hawapo tena tuwaulize kama wangekubali mpango huu. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, na Wilson mwaka 1995. Mwenye kutaka kunipinga na alete nyimbo zake nne, aonyeshe na dakika zake, na aseme solo ya wimbo wa mwisho angempa nani.