Kuiponya Nchi Huanzia Kazini

Msafiri ashukaye kutoka Mlalo huiacha nyuma baridi ya milima ya Usambara, na hatimaye hujikuta katika joto la tambarare ya mto Umba, ambako ndiko Mnazi. Nchi ya juu ina mvua na mboga. Nchi ya chini ina mkonge, mifugo na jua kali, na maji yashukayo kutoka milimani ndiyo uhai wake. Mahali kama hapo hakuna mtu ajitoshelezaye peke yake. Ndiyo maana watu huungana: wengine kuangalia mabomba, wengine kugawana maji ya mifereji, wengine kuweka na kukopa, wengine kuwatunza yatima na wagonjwa. Vyama vya namna hii havikuundwa ili kumtajirisha mtu, bali ili kumfaa jirani.

Leo hatutaki kusema juu ya kazi ambazo vyama hivyo huwafanyia watu wa nje. Twataka kutazama ndani ya mlango: watumishi wa chama waishije wao kwa wao, mkubwa na mdogo, mwenye mshahara na mwenye kujitolea? Maana mara nyingi twasikia habari ya chama kilichoanza kwa vigelegele, kikapata wafadhili, kisha baada ya miaka michache kikafa. Tukiuliza sababu, twaambiwa kwamba fedha zilikwisha. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi, kabla fedha hazijaisha, imani ilikuwa imekwisha zamani.

Washambaa wana maneno mawili ambayo kila kiongozi wa chama angefaa kuyajua. Husema “kuzifya shi”, maana yake kuiponya nchi, na “kubana shi”, maana yake kuiharibu. Wazee hawakuitazama mvua na njaa peke yake. Walitazama pia jinsi wakubwa wanavyokaa. Wakubwa wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi yaharibika. Mambo yakiamuliwa kwa haki na watu wakapatana, nchi yapona. Nasi twasema kwamba ofisi ya chama ni nchi ndogo. Nayo huponywa au huharibiwa, na wanaokaa ndani yake hujua mapema kuliko mtu ye yote ni lipi linalotendeka.

Historia ya milima hii yatufundisha jambo hilo waziwazi. Mwaka 1907, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal chini ya Wajerumani, serikali ilitoa kadi za kazi. Mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha pangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga, kipande cha siku 30 kikawa ndicho kipimo cha maisha ya kibarua. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Hivyo watu wengi walijifunza kwamba kazi ni jambo la kusukumwa, na mkubwa ni mtu wa kukwepwa.

Kisha ukaja mpango uliokusudiwa kuwafaa watu wenyewe. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo kazi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye ikaieneza katika sehemu nyingine za Usambara. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa na maji. Lakini wakulima waliamriwa kulima matuta, na asiyetii alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ya jembe ikaongezwa juu ya migongo iliyokwisha choka, wala hawakuulizwa wenye migongo. Watu wakanung'unika, kisha wakapinga, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango ule ukaachwa. Mwaka 1981 ulipoanza katika wilaya ya Lushoto mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, ule uitwao SECAP, njia ilikuwa ya kufundishana: vitalu vya miche, majani ya malisho yaliyopandwa kukingama na mteremko, ng'ombe wa kufugwa zizini. Milima ilikuwa ile ile na udongo ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kumwendea mkulima.

Labda msomaji atatuuliza: Habari za kipande na matuta zahusu nini chama chetu cha leo? Zahusu sana. Jambo jema likiletwa kwa ukali na bila kuulizana, huzaa chuki. Nasi, ingawa wakoloni wamekwenda zao, twaweza kuirithi desturi yao ya kuamuru na kuipeleka katika ofisi zilizojengwa kwa jasho la wananchi wenyewe.

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Miaka iliyopita tuliketi katika kamati ya chama kimoja cha huduma ya maji, ambacho jina lake tunaliacha. Wafadhili walikuwa wanakuja, na fedha zilikuwa chache. Tukakubaliana kwamba mshahara wa mlinzi wa mashine ya maji ungoje, kwa kuwa yeye ni mwenzetu na ataelewa. Tukanunua mbuzi, tukakodi viti, tukapiga chapa fulana. Mwezi wa kwanza mlinzi akaelewa. Mwezi wa pili akanyamaza. Mwezi wa tatu tukasikia kwamba bombani foleni inauzwa: mwenye shilingi za siri anateka mbele, na mama mwenye mtoto mgongoni angoja mpaka jua la utosi.

Tukakasirika. Wengi wetu tulitaka afukuzwe siku ile ile. Ndipo mjumbe mmoja, mama asiyekuwa na desturi ya kusema sana, akauliza: “Je, ni nani aliyeanza kula cha mwenzake?” Hatukuwa na jibu. Mlinzi alilipwa haki yake yote, na kamati ikamwomba radhi; naye akakiri kosa lake, maana lilikuwa kosa kweli. Lakini imani ya akina mama pale bombani haikurudi upesi kama fedha zilivyorudi. Tangu siku ile twashika neno moja: jinsi chama kimtendeavyo mtumishi wake, ndivyo mtumishi atakavyomtendea mwananchi.

Basi, ni desturi gani zinazofaa kujengwa?

Kwanza, haki itangulie sifa. Kumwita mtu “ndugu yetu” hakuondoi deni lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwekwa kwa ajili ya viwanda na makampuni tu. Nacho chama kisichotafuta faida, kikiajiri, ni mwajiri. Mwajiriwa anastahili kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi. Saa zake za kawaida zisipite 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku. Likizo yake ya mwaka ni siku 28, na mama aliyejifungua ana likizo ya uzazi ya siku 84. Mwenye kujitolea naye aelezwe tangu siku ya kwanza: atafanya kazi gani, kwa muda gani, na nauli na chakula chake vitatoka wapi. Kujitolea ni zawadi, na zawadi haichukuliwi kwa nguvu mfukoni mwa mtu. Anayelazimishwa “kujitolea” amerudishiwa kipande cha zamani kwa jina jipya.

Pili, mambo yasemwe mchana. Kinachoharibu ofisi nyingi si ukosefu wa fedha, bali ni kutojua fedha ziko wapi. Ikiwa mlinzi, karani, fundi na mfagiaji wanajua kilichoingia mwezi huu na kilichotoka, hata shida huweza kubebwa pamoja. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, vyombo vya maji vya wananchi vijijini hufanya kazi chini ya uangalizi wa RUWASA, na hesabu ni sehemu ya wajibu wao. Lakini hesabu isiandikwe kwa ajili ya mkaguzi peke yake. Mtumishi aliyeiona kwa macho yake hana haja ya kuitafuta katika uvumi.

Tatu, aliye mbali na meza kuu asikilizwe. Mwenyekiti huijua barua ya mfadhili. Fundi huijua koki inayovuja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wafanyao kazi pamoja wakutane kwa muda mfupi kila juma, na mkubwa asiwe wa kwanza kusema, kwa maana akianza yeye, waliobaki huitikia tu. Tena wanawake wasipewe kazi ya kupika chai ya kikao na kunyimwa nafasi ndani ya kikao. Katika habari yetu ya bombani, tuliokolewa na mama mmoja ambaye kwa miezi mingi tulikuwa hatujamuuliza neno.

Nne, ugomvi uamuliwe ungali mchanga. Ukiachwa, hugawanya watu makundi, na hapo ndipo nguvu hushindana na nguvu. Mwenye kosa aambiwe kosa lake faraghani, apewe nafasi ya kujieleza, kisha iamuliwe kwa kanuni ijulikanayo na wote. Sheria yataka mtu asiachishwe kazi ila kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki. Naye aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unyanyasaji kazini, wa maneno au wa tamaa za mwili, usifunikwe kamwe kwa kisingizio cha kulinda jina la chama. Jina lililolindwa kwa machozi ya mnyonge halifai kulindwa.

Wapo wasemao: “Hayo ni mambo ya mashirika makubwa ya mjini. Sisi huku chini hatuna fedha.” Twawajibu kwa upole kwamba mengi ya haya hayagharimu senti. Kumwita mtu kwa jina lake hakuna bei. Kumshukuru mbele ya wenzake hakuna bei. Kumwambia mapema kwamba mwezi huu mshahara utachelewa, na kumweleza sababu na siku atakayolipwa, si sawa na kulipa, lakini ni bora mara nyingi kuliko kumficha. Nacho chama kisichoweza kumlipa mtumishi mmoja kwa haki kisiajiri watatu kwa fahari. Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za chama ni watu, na nyenzo iliyopasuka haikokoti chombo.

Tena tusidhani kwamba upole ni ulegevu. Kiongozi mwema hudai kazi. Huuliza kwa nini mita haikusomwa, kwa nini stakabadhi haipo. Lakini hudai akiwa yeye mwenyewe amefika mapema, na kitabu chake kiko wazi. Hapo mtumishi hutii bila kujiona mtumwa.

Tunawaomba wasomaji wetu walio katika kamati na vyama, wa Mnazi na wa kwingineko, wasiishie kusoma. Katika kikao kijacho waulizane mambo matatu. Je, yuko mtu tunayemdai uvumilivu huku tunadaiwa naye ujira? Je, ni nani kati yetu ambaye hajasema neno katika vikao vitatu vilivyopita, na kwa nini? Je, tukiondoka leo sisi tulio wakubwa, atakayekuja kesho atazikuta hesabu na funguo mahali pake?

Majibu yakiwa machungu, yasemwe hivyo hivyo. Dawa ya kuiponya nchi haikuwa tamu hata zamani. Lakini mama anayeteremsha ndoo kichwani pale bombani Mnazi ana haki ya kumkuta mtumishi mwaminifu, na mtumishi yule ana haki ya kukikuta chama kilicho kiaminifu kwake kwanza.