SOMO: Buloni ya resori iliyoshikwa na kutu

Wanachama, buloni ikikatikia ndani, gari ya koperativi inalala na mavuno yanaoza. Basi tusiilazimishe.

1. Tuzuie magurudumu, tutegemeze gari kwa magogo imara. Kriki peke yake haitoshi.
2. Tusugue kutu kwa brosi ya chuma, tumwagie mafuta mepesi, tuache usiku mzima.
3. Asubuhi tugongegonge kichwa chake. Kwa ufunguo unaoenea sawasawa, tukaze kidogo, tulegeze, turudie.
4. Moto karibu na mpira, bomba la breki ao tangi, hapana!
5. Ya zamani tusiirudishe. Tununue yenye kipimo kilekile na namba ileile kichwani, kama 8.8 ao 10.9: ndiyo nguvu yake.
6. Tumalizie kukaza gari ikikanyaga chini, mpira usipasuke.