Rovu limekatwa, lakini dawa haijakwisha

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesomewa gazeti hili na watoto baada ya kula, leo tunasema juu ya shingo.

Tuseme jirani yako wa kambi alikuwa na rovu miaka mingi, lile tezi kubwa la shingo ambalo wengine huliita goitri. Likamkaba, akawa hawezi kulala chali wala kumeza bugali vizuri. Akapelekwa Bukavu, wakampasua, wakaliondoa lote. Siku ya kurudi Kabambare watu walimpokea kwa furaha, kila mtu akatazama shingo yake na kusema: umepona. Alikuja na boksi mbili za vidonge. Zilipokwisha hakutafuta nyingine, kwa maana kidonda kilikuwa kimefunga na hakuona maumivu. Miezi mitatu ikapita. Sasa analala kazini, uso umemvimba, anasikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, na kapita amekwisha kumwandika mara mbili kuwa ni mvivu.

Mtu huyo si mvivu, wala hakurogwa. Amekosa kidonge.

Tezi ya shingo, hata ile ndogo isiyoonekana, ina kazi yake. Inatengeneza maji fulani, waganga huyaita homoni, ambayo damu huyachukua mwili mzima. Ndiyo yanayouambia moyo upige kwa nguvu gani, tumbo lisage chakula, ngozi ipate joto, akili iamke. Ukiiondoa tezi yote, maji hayo hayatoki tena popote. Mganga aliyekukata anajua hivyo, na ndiyo sababu alikupa vidonge. Vidonge hivyo, jina lake levotiroksini, si dawa ya kidonda. Ni yale maji yenyewe ya tezi, yaliyotengenezwa na watu na kukaushwa.

Waganga wenyewe walijifunza jambo hili kwa uchungu. Huko Uswisi, nchi ya milima ambako rovu lilikuwa jingi sana, mganga Theodor Kocher alikuwa fundi mkubwa wa kulikata. Mwaka 1874 alimkata msichana mmoja, akafurahi kuona amepona. Miaka ikapita, akaambiwa kwamba msichana yule amebadilika: amekuwa mzito wa mwili na wa akili, na mdogo wake aliyefanana naye amempita kwa kila kitu. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani awatazame. Wengi wa wale aliowaondolea tezi yote walikuwa katika hali ile ile. Akayatangaza mwaka 1883, bila kuficha kwamba mkono wake ndio uliowafikisha hapo. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana Uingereza: mwaka 1891 mganga George Murray alimpiga mwanamke mmoja sindano za maji ya tezi ya kondoo. Tezi ya mwanamke huyo ilikuwa imekufa yenyewe, naye alikuwa amevimba na kulegea kabisa. Akaamka. Akaishi miaka 28 zaidi, akitumia dawa ya tezi mpaka mwisho. Wewe leo huna haja ya kondoo, kidonge kimoja kidogo cha asubuhi kinatosha.

Sasa sikiliza namna ya kukimeza, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Kimeze ukiamka, kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha ngoja nusu saa au saa nzima kabla ya chai, kahawa au chakula. Kama umepewa pia vidonge vya kalsiamu, au vya kuongeza damu vyenye chuma, usivimeze pamoja nacho. Acha saa nne zipite katikati, maana vinakifunga tumboni kisiingie katika damu. Wewe wa zamu ya usiku, kimeze unapoamka mchana. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, wakati wa Ramadhani wanaweza kukimeza usiku kabla ya kulala, ikiwa saa tatu au zaidi zimepita tangu kula, au nusu saa kabla ya daku. Mfungo si sababu ya kukiacha mwezi mzima. Ukisahau asubuhi, kimeze unapokumbuka siku ile ile.

Kiasi chake hutegemea uzito. Kwa mtu mzima ambaye hana tezi hata kidogo, mganga hukadiria karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, basi mtu wa kilo 60 huanza kwa mikrogramu 100 hivi. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa chini zaidi. Usilinganishe kidonge chako na cha mwenzako, na usigawane naye.

Kidonge hiki kina jambo moja linalodanganya watu. Homoni hii inatoka mwilini polepole sana: baada ya siku saba hivi, nusu yake ingali ndani ya damu. Ukiacha leo, kesho utajisikia vizuri. Wiki ijayo pia utajisikia vizuri, na utasema, kumbe sikuwa na haja nacho. Udhaifu huja baadaye, kidogo kidogo, hata wewe mwenyewe usiweze kusema ulianza siku gani. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuona. Mama, ukiona mumeo aliyekatwa rovu amekuwa mzito wa kusema, ananenepa na chakula ni kile kile, ngozi imekauka, haendi chooni siku tatu, anasahau, usigombane naye kwanza. Fungua boksi uhesabu vidonge.

Kinyume chake nacho kipo. Moyo ukienda mbio ukiwa umekaa, mikono ikitetemeka, ukikonda na usingizi ukikosekana, huenda kidonge kimezidi. Usikiache kwa shauri lako. Rudi kwa mganga akipunguze.

Kazini neno hili ni zito. Mtu ambaye mwili wake hauna homoni husikia kwa kuchelewa na kuruka kwa kuchelewa. Kando ya mashine, au chini ya ukingo wa udongo unaopasuka, kuchelewa kidogo kunatosha kuleta msiba. Kapita, ukijua kwamba mtu wako amekatwa rovu na sasa anasinzia, mpeleke dispansere kabla ya kumpeleka ofisini.

Nyuma ya tezi ile kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Wakati wa kupasua, hata mbele ya fundi mwema, vinaweza kuumia au kuondoka pamoja na rovu. Dalili huja hasa katika siku tatu au nne za kwanza: unasikia kama sisimizi wanatembea kwenye midomo na ncha za vidole, kisha misuli ya mikono na miguu inakazana, vidole vinajikunja vyenyewe. Kwa wengi hupita baada ya wiki au miezi. Kwa wachache haipiti, nao humeza kalsiamu na vitamini D maisha yote. Sisimizi wakirudi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Misuli ikikazana, koo likijifunga au mtu akianza kutupatupa miguu, hiyo si ya kungoja asubuhi, hata kama mvua inanyesha. Atatiwa kalsiamu katika mshipa. Kuna wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo ameshikwa na pepo. Wacha waseme, wewe tafuta pikipiki.

Sauti nayo. Mishipa inayoendesha sauti inapita kando kabisa ya tezi, moja kila upande. Ikiguswa, sauti hukauka au huchoka upesi, na maji hukupalia. Mara nyingi hurudi ndani ya miezi kadhaa, na ikipita mwaka bila kurudi, kwa kawaida haitarudi tena. Kwetu sauti ni chombo cha usalama: wewe unayepaswa kupiga kelele wakati jiwe linapoteleza, utafanya nini ikiwa sauti haitoki? Omba firimbi, ivae shingoni juu ya nguo, na uwaambie wenzako wa zamu kwamba firimbi yako ndiyo kelele yako. Wala si aibu.

Kovu lenyewe halina maneno mengi. Wiki mbili au tatu za kwanza usibebe mzigo, usisukume toroli. Kamba ya kofia isisugue hapo, na vumbi lisiingie kidonda kisipokuwa kimefunga. Kovu likianza kunenepa na kuwasha, lionyeshe mapema. Usilichome kwa miti ya kienyeji.

Sasa chakula, maana wengi huuliza juu ya muhogo. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliotazama rovu katika kisiwa cha Idjwi, kule ziwa Kivu, waliona jambo la ajabu: madini ya ayodini yalikosekana kisiwa kizima, lakini rovu lilikuwa jingi zaidi upande mmoja. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kupata ayodini. Ndiyo sababu mama zetu huloweka siku tatu au nne na kuanika, na sombe hutwangwa na kupikwa sana. Waendelee hivyo hivyo. Na tangu miaka ya 1990 chumvi ya nchi yetu inatakiwa kutiwa ayodini. Inunue iliyofungwa, uiweke katika chombo chenye kifuniko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Inawalinda watoto wako wasipate rovu kama lako. Lakini wewe usiye na tezi, chumvi hiyo haishiki nafasi ya kidonge. Ayodini ni kama udongo, tezi ndiyo iliyokuwa mfinyanzi. Aliyekatwa sehemu tu anaweza kuwa na tezi ya kumtosha, au isimtoshe baada ya miaka, au rovu likaota tena. Basi yeye pia atazamwe kila mwaka.

Mama uliyekatwa rovu, ukiona mwezi umepita na unadhani una mimba, usingoje tumbo lionekane. Katika miezi ya kwanza mtoto hana tezi inayofanya kazi, na akili yake inajengwa kwa homoni inayotoka kwako. Mara nyingi kidonge huhitaji kuongezwa kwa robo au zaidi, tena mapema. Mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki, au kabla. Kidonge hakimdhuru mtoto, wala maziwa.

Na ni nani atakayekufuata wakati hospitali iliyokukata iko mbali? Katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana kwa waganga wa nchi nyingi kwa sababu ya mpango wa afya uliofanywa huko pamoja na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji: vituo vidogo karibu na watu, hospitali moja nyuma yao kwa mambo makubwa, na kituo kimjue mgonjwa wake hata baada ya kutoka hospitali. Zone za afya za leo, ya Kasongo, ya Kabambare, ya Saramabila na nyingine, zina mfano ule ule. Basi ukirudi, usipitilize nyumbani. Pita kituoni na karatasi yako. Iwe imeandikwa: tezi imeondolewa yote au sehemu, siku gani, kidonge cha mikrogramu ngapi, vitezi vidogo viliokoka au la, na jibu la maabara juu ya nyama iliyokatwa. Kama hili la mwisho halikuwa tayari, lidai, kwa maana rovu jingine lina kansa ndani yake.

Damu hupimwa kipimo cha TSH wiki sita hivi baada ya kuanza kidonge, na kila kinapobadilishwa. Hali ikitulia, mara moja kwa mwaka. Ambapo kipimo hakipatikani, muuguzi atatazama uzito, pigo la moyo, ngozi na maneno yako. Vidonge vikae katika boksi lake, ndani ya kopo kavu, mbali na jiko na mbali na bati la nyumba. Agiza boksi jingine lile la mwisho linapofunguliwa, si linapokwisha, na kabla ya mvua kukata barabara ya Kabambare agiza mawili.

Mwandike karatasi ya pili. Moja ikae kituoni, nyingine na mkeo.